Jenga Kompyuta ya Swichi na Taa: Chipu Nane, Baiti 256

Kompyuta hii haina kioo wala kibodi. Programu unaiingiza kwa swichi, baiti moja baada ya nyingine, nayo inakujibu kwa taa nane. Ndivyo zilivyokuwa kompyuta za kwanza ambazo watu walijijengea nyumbani kwa kufuata michoro ya majarida. Popular Electronics la Marekani, toleo la Januari 1975, liliweka Altair 8800 kwenye jalada: prosesa ya Intel 8080, kumbukumbu ya baiti 256, safu za swichi na taa usoni, na vifaa vyote kwa chini ya dola 400. Agosti 1976 jarida hilohilo likachapisha COSMAC ELF ya Joseph Weisbecker, yenye prosesa ya RCA 1802 na baiti 256 vilevile, lakini ndogo kiasi kwamba msomaji aliweza kununua chipu mojamoja na kuifunga mezani kwake. Galaksija ya Voja Antonić ikafuata Yugoslavia mwanzoni mwa 1984, ikitumia prosesa ya Z80. Mwaka 1986 jarida la Radio la Umoja wa Kisovyeti likatoa Radio-86RK yenye chipu 29. Huku kwetu Tanzania Serikali ilikuwa imepiga marufuku kuingiza kompyuta nchini tangu 1974, kwa hiyo wimbi hilo lilitupita mbali.

Leo kikwazo si sheria tena. Kinachowakwamisha wengi ni kwamba michoro mingi ya Z80 inataka uwe na mashine ya kuandikia chipu ya ROM (kumbukumbu ya kudumu yenye programu ya kuanzia), na bila ROM iliyoandikwa kompyuta haianzi. Mchoro huu unafuata njia ya ELF: unaiomba prosesa iachie njia zake (nyaya za anwani, data na amri), unaandika moja kwa moja kwenye RAM, yaani kumbukumbu ya kazi, kwa swichi, kisha unairudishia kazi. ROM haihitajiki, wala kompyuta nyingine ya kukusaidia.

Kununua chipu

Prosesa ni Z80, lakini si Z80 yoyote. Tafuta yenye maandishi Z84C00, miguu 40, ya megahezi 6, 8 au 10. Herufi C hiyo, alama ya teknolojia ya CMOS, ndiyo muhimu. Z80 za zamani zisizo na C (Z8400, Z80 CPU, Z80A) ni za NMOS, teknolojia ya zamani, na ukizipa mapigo ya polepole husahau yaliyomo kwenye rejista zake, yaani vihifadhi vidogo vya ndani. Kompyuta hii itatembea kwa mapigo machache kwa sekunde ili macho yako yafuate kila hatua, na Z84C00 huvumilia hata mapigo yakisimama kabisa.

Zilog walitangaza Aprili 2024 kwamba wanaacha kupokea oda za Z84C00, na mwisho wa oda ukawa Juni mwaka huo. Zilizopo sokoni sasa ni masalia ya stoo na zilizong'olewa kwenye mashine kuukuu, na humo kuna zilizofutwa uso na kuandikwa upya. Ukiagiza nje, agiza mbili au tatu kutoka kwa wauzaji tofauti. Pamba yenye asetoni ikipitishwa juu ya chipu na wino ukatoka wote, hiyo imeandikwa upya. Huenda bado ni nzima, ila usiyaamini maandishi yake. Jaribio la mapigo ya polepole lililoko chini ndilo litakalosema kweli.

RAM ni 62256. Kama una bodi ya kompyuta ya zama za 486 kwenye mabaki, angalia zile chipu nyembamba za miguu 28 karibu na prosesa: nyingi ni za kilobaiti 32, zenye mpangilio uleule wa miguu, nazo zinafaa. Zilizobaki ni 74HC573 moja, 74HC244 mbili, 74HC00 moja, 74HC32 moja na NE555 moja. Kariakoo utapata NE555, resista, kapasita, taa za LED na swichi bila shida, na mara nyingi 74HC00 na 74HC32 pia. Z80 na 62256 jiandae kuagiza.

Vitu vidogo ni hivi:

- resista za mkusanyiko za kiloohmu 10 zenye miguu 9, nne (zimeandikwa A103; mguu wenye nukta ndio wa pamoja);
- resista za kiloohmu 1, kumi na nne. Za kiloohmu 2.2, mbili; ya kiloohmu 10 ya peke yake, moja;
- potenshometa ya kiloohmu 100, moja;
- kapasita za nanofaradi 100 (zimeandikwa 104), nane; za nanofaradi 10 (103), mbili; mikrofaradi 10, moja; mikrofaradi 100, moja;
- taa za LED kumi na moja, moja ikiwa ya kupimia;
- swichi za safu zenye vidole nane, mbili; swichi za kusukuma za kawaida, mbili; vitufe, viwili;
- bredibodi (mbao za kuchomekea bila kulehemu) za matundu 830, tatu, na waya mgumu wa msingi mmoja.

Usijaribu kubana kwenye bredibodi mbili. Z80 ni pana, ikikaa inakuachia matundu mawili upande mmoja na matatu upande wa pili, na nyaya zikianza kupandana hutajua tena ipi ni ipi. Tumia rangi: nyekundu chanya, nyeusi grauni, njano anwani, bluu data, na rangi nyingine yoyote kwa nyaya za amri. Waya laini wa nyuzi nyingi usiutumie, nyuzi moja ikitoka pembeni inagusa tundu la jirani.

Umeme

Unahitaji volti 5, na mfumo mzima unakula chini ya miliampia 100. Chaja ya simu yatosha, lakini ipime kwanza kwa mita: iwe kati ya 4.75 na 5.25. Chaja za bei ya chini zinazouzwa barabarani nyingine hutoa 5.6 bila mzigo, hizo ziache. Pawabenki inafaa kwa siku ambazo umeme haueleweki, ila nyingi hujizima zikiona mzigo mdogo kama huu, ukadhani kompyuta imekufa. Ikijizima kila baada ya nusu dakika, tundika resista ya ohmu 47 ya wati 1 kati ya chanya na grauni ili kuongeza mzigo. Resista hiyo itapata joto, iweke mbali na nyaya.

Bredibodi nyingi za matundu 830 zina njia za umeme zilizokatika katikati. Mstari mwekundu ukiwa na mwanya katikati, njia nayo imekatika. Unganisha kwa kipande cha waya. Weka kapasita ya mikrofaradi 100 pale umeme unapoingia, na kapasita ya 104 kwenye kila chipu, karibu kabisa na mguu wake wa chanya. Hizi 104 watu huziona pambo na kuziacha. Bila hizo kompyuta itatembea hatua kadhaa, kisha itapotea bila sababu inayoonekana.

Sasa kosa linaloua Z80 kuliko mengine yote. Chipu za mfululizo wa 74 huchukua umeme kwenye pembe: grauni ni mguu wa mwisho wa upande wa kushoto, chanya ni mguu wa mwisho kwa hesabu. Z80 sivyo. Chanya yake ni mguu wa 11 na grauni ni wa 29, yote katikati ya chipu. Kabla ya kuweka chipu hata moja, washa umeme na upime kwa mita kwenye tundu la kila mguu wa chanya na grauni. Ukiona volti 5 mahali pote panapostahili, zima, ndipo uanze kuweka chipu.

Hewa ya pwani ina unyevu, kwa hiyo umeme tuli hautusumbui sana kama walioko nchi kavu, ila chumba chenye kiyoyozi hukauka. Gusa kitu cha chuma kilichofika ardhini kabla ya kushika RAM. Unyevu huohuo, ukichanganyika na chumvi kwa walio karibu na bahari, hutia kutu miguu ya chipu na vibanio vya bredibodi. Hifadhi kazi yako kwenye bakuli la plastiki lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu.

Mapigo

Kwenye NE555, mguu wa 1 uende grauni, wa 8 na wa 4 chanya, wa 5 uende grauni kupitia kapasita ya nanofaradi 10. Resista ya kiloohmu 1 ikae kati ya 8 na 7. Kati ya 7 na 6 weka potenshometa ikifuatana na resista nyingine ya kiloohmu 1. Unganisha 6 na 2, kisha kapasita ya mikrofaradi 10 kutoka 2 kwenda grauni, upande wake hasi ukiwa grauni. Ukizungusha kitasa, mapigo yanakwenda kutoka pungufu ya 1 hadi kama 48 kwa sekunde.

Usipeleke mguu wa 3 wa NE555 moja kwa moja kwenye Z80. Mguu wa mapigo wa Z80 unataka juu yake ifike karibu sana na volti 5, na kingo ziwe kali. NE555 ya kawaida haifiki huko, na kingo zake ni legevu kwa prosesa hii. Matokeo yake ni pigo moja kuhesabiwa mawili. Kwa hiyo weka resista ya kiloohmu 1 kati ya mguu wa 3 wa NE555 na chanya ili kuuvuta juu, kisha upitishe kwenye geti la kwanza la 74HC00: ingiza kwenye miguu yake 1 na 2, toa mguu wa 3, peleka mguu wa 6 wa Z80. Geti linageuza mapigo juu-chini, jambo ambalo halina madhara hapa.

Kufunga nyaya

Miguu mingi ya amri ya Z80 hufanya kazi ikivutwa chini. Ikiachwa ikielea hewani inajiendea yenyewe, hivyo kila mmoja lazima ushikwe. Tumia mkusanyiko wa kwanza wa kiloohmu 10, nukta ikiwa chanya, kuvuta juu miguu hii minane: INT (16), NMI (17), IORQ (20), RD (21, kusoma), WR (22, kuandika), WAIT (24), BUSREQ (25, kuomba njia) na RESET (26). MREQ (19, wa kuichagua RAM) fanya kinyume: ivute chini kwa ile kiloohmu 10 ya peke yake. Sababu ni kwamba prosesa ikiachia njia, MREQ inakosa mwenyewe, nasi tunataka RAM iendelee kuchaguliwa wakati huo.

Mkusanyiko wa pili, nukta grauni, uvute chini njia nane za data. Kwenye Z80 njia hizo hazikufuatana: D0 ni 14, D1 ni 15, D2 ni 12, D3 ni 8, D4 ni 7, D5 ni 9, D6 ni 10 na D7 ni 13. Hapa ndipo pa kwenda taratibu. Anwani ni rahisi: A0 ni mguu wa 30, zinafuatana hadi A7 kwenye 37. A8 hadi A15 ziache wazi.

RAM: A0 ni mguu wa 10, zinarudi nyuma hadi A7 kwenye mguu wa 3. Data D0, D1, D2 ni 11, 12, 13. D3 hadi D7 ni 15 hadi 19. Mguu wa 20 uende MREQ, wa 22 uende RD, wa 27 uende WR. Umeme ni 28 na 14. Anwani saba zilizobaki, yaani miguu 1, 2, 21, 23, 24, 25 na 26, zote grauni. Usizisahau. Zikielea, utaandika baiti, utaiona, kisha ukisogeza mkono karibu na ubao inabadilika.

74HC244 ya kwanza ni ya swichi za anwani. Kila kidole cha swichi kiwe na upande mmoja chanya; upande wa pili uingie 244 na pia uvutwe chini kwa mkusanyiko wa tatu. Maingilio ni 2, 4, 6, 8, 11, 13, 15, 17, na matokeo yake kwa mpangilio huohuo ni 18, 16, 14, 12, 9, 7, 5, 3. Miguu 1 na 19 uiunganishe pamoja na kuipeleka BUSACK ya Z80, mguu wa 23, ambao hushuka chini prosesa ikishaachia njia. 244 ya pili ni ya swichi za data, imefungwa vilevile kwa mkusanyiko wa nne, ila miguu yake 1 na 19 inakwenda mguu wa 6 wa 74HC32.

Mageti yaliyobaki:

- 74HC00, miguu 4 na 5 pamoja kwenye RD. Mguu wa 6 uende 74HC32 mguu wa 5.
- 74HC32, mguu wa 4 kwenye BUSACK. Kwa hiyo swichi za data zinaingia njiani pale tu prosesa imeachia njia na RAM haisomwi.
- 74HC32, mguu wa 1 kwenye IORQ, wa 2 kwenye WR. Mguu wa 3 uende 74HC00 mguu wa 10.
- 74HC00, mguu wa 9 kwenye BUSACK; mguu wa 8 uende 74HC573 mguu wa 11.
- Maingilio yasiyotumika (12 na 13 za 74HC00, 9, 10, 12, 13 za 74HC32) yote grauni.

74HC573 ndiyo inayoshika taa nane. D0 hadi D7 ziingie miguu 2 hadi 9, mguu wa 1 grauni. Matokeo ni 19 kwa D0, yanashuka hadi 12 kwa D7. Kila moja lipitie kiloohmu 1, kisha taa, kisha grauni, mguu mrefu wa taa ukielekea resista. Panga D7 kushoto na D0 kulia, na swichi nazo hivyohivyo, la sivyo utasoma kila namba kinyumenyume. Chipu hii inafanya kazi mbili: wakati wa kupakia inapitisha chochote kilicho kwenye njia za data, na wakati wa kutembea inashika tu kile ambacho programu imetoa kwa amri ya OUT.

Mwisho, vidhibiti. Swichi ya PAKIA inaunganisha BUSREQ na grauni. Swichi ya TAZAMA inaunganisha RD na grauni kupitia kiloohmu 1. Kitufe cha ANDIKA kinaunganisha WR na grauni kupitia kiloohmu 1. Kitufe cha RESET kinaunganisha mguu wa 26 na grauni. Taa ya njia: kutoka chanya, kiloohmu 2.2, taa, hadi BUSACK. Taa ya kusimama: vivyo hivyo hadi HALT, mguu wa 18.

Jaribio la kwanza, bila RAM

Weka NE555, 74HC00, 74HC32 na Z80 tu. Njia za data zimevutwa chini, hivyo kila prosesa inaposoma inapata 00, na 00 kwa Z80 ni amri ya kutofanya kitu na kusonga mbele. Itapanda anwani moja hadi nyingine bila kukoma. Zungusha kitasa hadi mwisho wa kasi, shikilia RESET sekunde moja, achia.

Chukua taa yenye resista ya kiloohmu 1 inayokwenda grauni, gusa A4 (mguu wa 34). Itawaka kama sekunde moja na robo, izime muda huohuo, na kurudia. A5 itachukua maradufu. A7 itazima kama sekunde kumi, kisha badala ya kuwaka moja kwa moja itapepesa. Hilo si kosa: katika nusu ya kila hatua Z80 huweka kwenye njia za anwani hesabu yake ya kuhuisha kumbukumbu, na hesabu hiyo haifiki biti ya A7.

Taa isipobadilika popote, angalia mguu wa 6 kwanza, mapigo yanafika? Kisha 24, 25 na 26, yote yawe juu. Sasa rudisha kitasa kwenye mwendo wa polepole kabisa na usubiri. Chipu ikiendelea kuhesabu, ni CMOS kweli. Ikianza kuruka hovyo au kuganda, umeuziwa NMOS yenye jina la kubandikwa.

Kupakia na kutazama

Zima, weka chipu zilizobaki, washa. Kitasa kiwe kwenye kasi. Weka PAKIA, bonyeza RESET na uachie. Taa ya njia itawaka. Z80 huachia njia mwishoni mwa hatua iliyomo, kwa hiyo mapigo yakiwa polepole utasubiri sekunde kadhaa, na mapigo yakisimama haitaachia kamwe.

Panga anwani, panga data, bonyeza ANDIKA. Kitufe kikitetemeka hakuna neno, kitaandika kitu kilekile mahali palepale. Taa nane zitaonyesha swichi zako wakati huo, ambayo si thibitisho kwamba RAM imepokea. Ili kuthibitisha, washa TAZAMA: sasa taa zinaonyesha kilichomo kwenye anwani. Usibonyeze ANDIKA ukiwa kwenye TAZAMA, utaandika takataka.

Kabla ya programu yoyote, fanya jaribio hili la nyaya. Andika 00 kwenye anwani 00. Kisha 01 kwenye 01, 02 kwenye 02, 04 kwenye 04, 08 kwenye 08, 10 kwenye 10, 20 kwenye 20, 40 kwenye 40, 80 kwenye 80, yote kwa heksadesimali, yaani swichi moja tu juu kila mara, pande zote mbili. Rudi anwani 00 utazame. Ukikuta 00, njia za anwani ni nzima. Ukikuta 04, waya wa A2 haufiki RAM, kwa sababu baiti ya anwani 04 imeangukia 00. Yaani namba unayoikuta inakutajia waya wenyewe. Kisha pitia zile nyingine: taa mbili zikiwaka pamoja mahali pa moja, njia hizo mbili zimegusana, taa isiyowaka kamwe ni waya wa data uliokatika.

Programu

Heksadesimali hugawa baiti vipande viwili vya biti nne. 3 ni 0011, E ni 1110, kwa hiyo 3E kwenye swichi ni 0011 1110. Andika jedwali la 0 hadi F kwenye kadi na uiweke pembeni; baada ya siku chache hutaihitaji.

Programu hii inahesabu kwenye taa:

00: 3E
01: 00 (weka 0 kwenye A, rejista kuu ya prosesa)
02: D3
03: 00 (toa A kwenye taa)
04: 3C (ongeza A kwa 1)
05: C3
06: 02
07: 00 (rudi anwani 0002)

Anwani ndani ya amri huandikwa kwa kutanguliza nusu ya chini: 0002 inakuwa 02 kisha 00. Wanaoanza karibu wote huigeuza, na hapo prosesa huruka hadi 0200. Kwenye mashine hii, kwa kuwa A8 na kuendelea hazijafungwa, hiyo ni sawa na anwani 00, hivyo hesabu inaanza upya kila mara na taa hazisongi. Ukiziona zimeganda kwenye 0, tazama baiti ya 06 na ya 07.

Kuitembeza: zima TAZAMA, shikilia RESET, ondoa PAKIA, subiri, achia RESET. Z80 inataka RESET ibaki chini kwa mapigo matatu kamili au zaidi. Kwenye kasi ya 48 ni kufumba na kufumbua, lakini kitasa kikiwa polepole ni zaidi ya sekunde nne, na wengi huachia mapema. Mzunguko mmoja wa programu hii ni mapigo 25, kwa hiyo taa zitapanda karibu mara mbili kwa sekunde.

Badili baiti mbili tu, 01 kwenye anwani 01 na 07 kwenye anwani 04, upate taa moja inayotembea kwenda kushoto na kuzunguka. 07 ni amri ya kuzungusha biti za A.

Ya tatu inajumlisha namba zilizo kwenye anwani 10 na 11, inaweka jibu kwenye 12, inalionyesha, kisha inasimama:

00: 3A 10 00
03: 21 11 00
06: 86
07: 32 12 00
0A: D3 00
0C: 76

Weka 19 (ishirini na tano) kwenye anwani 10, na 11 (kumi na saba) kwenye anwani 11. Taa zitaonyesha 0010 1010, yaani 2A, arobaini na mbili, na taa ya HALT itawaka. Weka PAKIA, washa TAZAMA, nenda anwani 12, utalikuta jibu palepale. Kisha jaribu FF na 02. Jibu litakuwa 01, maana baiti imejaa na kile kilichomwagika kimebaki kwenye alama ya ndani ya prosesa, ambayo amri nyingine inaweza kuisoma.

Ikigoma

Inapakia vizuri lakini haitembei: mara nyingi TAZAMA imeachwa ikiwa imewashwa, inavuta RD. Inatembea kisha inapotea: kapasita za 104, au INT na NMI hazijavutwa juu, au volti zimeshuka chini ya 4.75, pima kwenye mguu wa 11 wa Z80 wenyewe, si kwenye chaja. Taa ya njia haizimi baada ya kuondoa PAKIA: waya wa BUSREQ umegusa grauni. Chipu inachoma kidole: zima mara moja, kuna mbili zinazosukumana kwenye njia moja, karibu kila mara 244 iliyofungwa BUSACK kimakosa, au matokeo yaliyofungwa mahali pa maingilio.

Umeme ukikatika RAM inasahau kila kitu. Andika programu zako kwenye daftari, anwani na baiti, kabla ya kuzipakia.

Ikishatulia kwa wiki moja, ihamishie kwenye ubao wa matundu wa kulehemu, ukitumia soketi kwa kila chipu. Lehemu soketi na kapasita za 104 kwanza, kisha umeme, upime, halafu njia za data, halafu anwani, ukirudia majaribio yale yale kwa hatua zilezile. Ukitaka kasi, badili kapasita ya mikrofaradi 10 ya NE555 kwa ile ya nanofaradi 10 iliyobaki: mapigo yanapanda hadi kama 48,000 kwa sekunde, na programu zako zitahitaji mizunguko ya kuchelewesha ili macho yaone kitu. Kumbukumbu nayo ipo tayari: ng'oa zile nyaya saba za grauni kwenye RAM, zivute chini kwa resista za kiloohmu 10, uziunganishe na A8 hadi A14 za Z80, na baiti 256 zinakuwa 32,768.